Mgeni wa Jumanne

Stavok, Saskatchewan
30 Novemba 2004

Daria mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Neil na mtoto. Huku baridi imewahi. Jirani yangu Metro amekwisha kunizolea theluji mlangoni mara tatu, na kila mara anakataa kuingia kunywa chai, anasema viatu vyake vichafu. Goti langu la kushoto bado linatabiri hali ya hewa kuliko redio.

Naandika kwa sababu kwenye simu sikuweza. Wewe ulikuwa unalia, nami nikakuuliza kama huko Hamilton kumenyesha. Sijui kwa nini mtu anauliza hivyo. Pole sana, mwanangu. Orest alikuwa baba yako, lakini kabla ya hapo alikuwa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemfunga kamba za viatu mpaka darasa la pili, maana alikataa kujifunza. Alikuwa ananiwekea mguu pajani na kutazama juu kama askofu. Aliponiandikia kwamba posta wamemwajiri kugawa barua kwa miguu, nilicheka peke yangu jikoni.

Kuhusu maziko, nilikwisha kukuambia. Theluji ilifunga barabara na basi halikupita. Nisingependa ufikiri sababu ni nyingine.

Arobaini yake tutaifanya hapa kanisani tarehe 21 Desemba. Padri amekubali. Akina mama wataleta mkate, nami nitapika zile kabichi za kukunja na wali alizokuwa anazipenda.

Uliniuliza pia kama nakumbuka baba yako aliianza lini ile blogu yake. Mambo hayo mimi siyajui. Hata neno lenyewe likipita kooni naona kama nimemeza mwiba wa samaki. Sijawahi kuifungua. Waulize wenzake wa posta.

Jifunike vizuri. Ulikuwa mtoto wa kukohoa.

Shangazi yako,
Nettie


Hamilton, Ontario
14 Desemba 2004

Shangazi Nettie mpendwa,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini. Asante kwa habari ya kamba za viatu. Baba hakuwahi kunisimulia, na sasa najua kwa nini alivaa viatu vya kubandika miaka yote.

Sisi tunaendelea. Mtoto ameota jino na analitumia kwa kila mtu. Neil amerudi kazini. Mimi nimepewa likizo hadi mwaka mpya, na nimekuwa nikikaa kwenye kiti cha Baba mbele ya kompyuta yake.

Kwanza nina jambo la kukuomba. Nisamehe. Baba alipoambiwa mwezi wa Julai kwamba ni saratani ya kongosho na kwamba wamechelewa, nilitaka kukupigia siku ile ile. Alinikataza. Alisema, "Usimpigie. Nettie anajua." Nilidhani ni dawa zinazungumza. Nikamtii, mwezi baada ya mwezi, hadi nikakupigia kukuambia amekufa. Ningekupigia Julai ungekuja. Ungemkuta bado anatembea. Nalibeba jambo hili kila siku, Shangazi. Sijui mligombana nini ninyi wawili, wala sitauliza, lakini haikuwa haki yangu kukunyima kumuona.

Pili ni blogu. Najua hulipendi neno. Baba mwenyewe alisema lilianza refu, "weblog", yaani daftari la safari la kwenye mtandao, kisha vijana wakalikata kichwa. Nimekuta humu ukurasa aliouita "Kamusi Ndogo kwa Ajili ya Nettie". Nadhani alikutumia. Nakunakilia kidogo:

"Blogu: daftari ulilolisahau mezani kwa makusudi.
Mwanablogu: aliyelisahau.
Chapisho: ukurasa mmoja wa daftari. Jipya hukaa juu, la zamani chini, kama barua kwenye mkoba wa tarishi mvivu.
Maoni: yanayoandikwa chini yake na walioliokota.
Kiungo: kamba ya kukutoa kwangu hadi kwa jirani.
Kaunta: kidude cha chini kabisa kinachohesabu waliopita.
Msomaji wa kimya: anayepita kila siku asiseme neno. Wengi ni ndugu."

Watu bado wanaandika maoni chini ya chapisho lake la mwisho, la Jumanne tarehe 9 Novemba, siku tatu kabla hajafa. Nataka kuchapa yote iwe kitabu, machapisho pamoja na maoni. Nakala moja ya kila ndugu, na moja ije maktaba ya Stavok, maana nusu ya hadithi ni za huko.

Ila kuna mtu mmoja ananisumbua. Anajiita Bi Shayiri. Alianza kuandika maoni mwaka jana, na nakiri alikuwa mchangamfu. Alimfundisha Baba kuloweka mbaazi, alimtania kuhusu mbwa. Baba alimpenda, alimjibu kabla ya wengine. Sasa tazama waliyoandikiana tarehe 14 Septemba. Baba aliandika: "Nina dada mmoja kwetu. Nadhani atakuja kabla ya theluji." Yule mwanamke akajibu: "Usimsubiri. Dada wa namna hiyo haji. Pumzika tu." Na Baba akamalizia: "Sawa, Bi Shayiri. Lakini wewe usiache kupita."

Mtu asiyekujua, Shangazi. Alimwambia ndugu yako anayekufa asikusubiri. Nikimjua nitamuuliza alikuwa na haki gani. Je, kuna mtu yeyote huko kwenu ambaye angeweza kuandika hivyo?

Wako,
Daria


Stavok
9 Januari 2005

Daria mwanangu,

Heri ya Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, ingawa najua huko mnakula ya watu wengine ya Desemba na kumaliza. Mwaka huu kwenye ukumbi wa kanisa tulifinya pyrohy mia sita, zile za unga zenye viazi ndani, na Olha Wasylyk akazihesabu mara mbili kwa kutoniamini. Mkesha tarehe 6 nilipika ngano na asali kwa sahani mbili, ya kwangu na ya Orest, kama desturi. Nilikula yangu. Ya kwake niliifunika kwa kitambaa.

Arobaini ilikwenda vizuri. Watu ishirini na wawili katika baridi ile. Padri alisema Orest alikuwa mtu wa kufikisha habari.

Umeniomba msamaha. Usijitese. Ulimtii baba yako, na mtoto kumtii mzazi si kosa. Kama lilikuwa kosa, nimekusamehe.

Ile kamusi ni kweli alinitumia, mwaka 2002, ndani ya bahasha kubwa yenye stempu tisa, kwa sababu watu wa posta hawajui kujizuia. Iko kwenye kopo langu la mapishi, nyuma ya karatasi ya keki ya asali. Nilimwandikia kwamba nimekwisha kuzeeka mno kujifunza lugha ya tatu.

Huyo Bi Shayiri simjui. Huku kila mtu ana shayiri. Lakini labda hakukusudia ubaya. Mtu anaweza kusema neno akitumaini mwenzake atalikataa. Pengine hata yeye alilia baadaye. Sisemi kwamba ni hivyo, nasema labda. Na kama unatengeneza kitabu, maneno ya watu wa pembeni ya nini? Weka ya baba yako peke yake. Kitabu kikija maktaba hapa, watu watasoma kila kitu na kukizungumza hadi Pasaka.

Namfikiria sana Orest alivyokuwa mwishoni, anakula zile pichi za kopo kwa kijiko cha mtoto, moja asubuhi na moja jioni. Utotoni aliziita samaki wa dhahabu.

Mpe mtoto kitu kigumu atafune. Ganda la mkate linafaa.

Shangazi yako,
Nettie


Hamilton
21 Februari 2005

Shangazi Nettie,

Sote wazima. Theluji ni nyingi. Mtoto anatambaa.

Nimechelewa kujibu na sina mengi. Kazi ya kitabu inaendelea. Nimefika mwezi wa Oktoba.

Nina swali moja. Kijiko cha mtoto kilikuwa cha mwanangu. Nilimletea Baba siku ambayo vijiko vikubwa vilimshinda, na chumbani tulikuwa wawili. Mimi sikumsimulia mtu, hata Neil. Baba aliandika kwenye chapisho la Jumanne tarehe 26 Oktoba, mistari minne tu. Wewe umejuaje?

Maoni ya Bi Shayiri nimeyatenga kwenye karatasi zake. Bado sijaamua.

Daria


Stavok
30 Machi 2005

Daria mwanangu,

Pasaka imepita kwa wengine, kwetu bado mwezi. Theluji imeanza kuwa chafu kandokando ya barabara. Metro aliteguka mkono, sasa mimi ndiye ninayemzolea mlango, na mimi huingia kunywa chai yake na viatu vyangu vichafu.

Nimeianza barua hii mara nne. Mara zote nilifika kwenye mkono wa Metro nikaishia hapo.

Nimejua kwa sababu nilisoma. Bi Shayiri ni mimi.

Nataka nikueleze kwa mpangilio, kama ninavyoweza. Unajua nilipika shule miaka ishirini na moja. Nilipostaafu nikapewa ufunguo wa maktaba yetu, ambayo ni chumba kimoja nyuma ya ofisi ya wilaya. Nafungua Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi na moja. Kuna kompyuta moja. Nyumbani sina. Nilikuambia sijawahi kuifungua blogu ya baba yako. Sijawahi kuikosa, huo ndio ukweli, isipokuwa Alhamisi mbili nilipokuwa na homa.

Uliandika hutauliza tuligombana nini. Nakuambia. Machi 2003 aliandika chapisho kuhusu ghala la ngano. Labda umelifikia. Alikuwa na miaka saba, alipoteza glavu moja shuleni, na baba yetu akamfungia ghalani Januari ili ajue baridi ina maana gani. Aliandika kwamba mimi nilikaa upande wa pili wa mlango na kuzungumza naye hadi baba aliporudi. Ni kweli. Lakini hakuandika kwamba komeo lilikuwa upande wangu. Lilikuwa la mbao, la kusukuma kwa kidole. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilimwogopa baba, sikulisukuma. Nilimhesabia magunia ya kubuni ili asilale.

Olha Wasylyk alilichapa chapisho lile kwenye karatasi akalileta ukumbini siku ya pyrohy. Mikono yetu yote ilikuwa na unga. Likasomwa kwa sauti. Hakuna aliyenisema, walinitazama tu kwa huruma, nami nilitamani wanitukane. Jioni nikampigia Orest. Nilimwambia amemvua baba nguo mbele za watu. Alisema watu wa Stavok hawasomi blogu. Nikamwambia, "Mimi nimesoma. Futa." Alisema hatafuta, kwa sababu ni chapisho lake la upendo kuliko yote aliyoandika. Nikakata simu. Sikuelewa neno hilo. Kwangu kila mstari ulikuwa unasema komeo.

Nilianza kusoma ili nimlinde baba, nijue ataandika nini tena. Halafu nikasoma si kwa sababu hiyo tena. Alikuwa anachekesha, mwanangu. Yule mbwa wa Mtaa wa Aberdeen aliyekula ankara. Nilicheka maktabani peke yangu. Mwezi wa nane aliandika kwamba mbaazi zake haziivi, nikashindwa kuvumilia, maana hakuwa ameziloweka. Nikajaza kile kisanduku cha maoni. Kikaniuliza jina. Dirishani kulikuwa na shamba la shayiri.

Miezi kumi na nne tulizungumza hivyo. Nilimpata mdogo wangu bila kumwomba msamaha. Nilijiona nimepata njia ya bei nafuu.

Julai aliandika habari ya kongosho. Nililisoma chapisho lile saa nane na dakika ishirini, mtoto wa Kostiuk akiwa amesimama mbele yangu na kitabu cha farasi cha kugongewa muhuri. Nikamgongea. Ungedhani ningepanda basi kesho yake. Lakini ningepandaje? Hakuwa ameniambia mimi. Alikuwa amemwambia Bi Shayiri. Nikasema nitasubiri anipigie, au wewe unipigie, kisha nitashangaa kama inavyotakiwa na nitakuja. Kila Jumanne nilisubiri simu. Hukupiga, nami nikakulaumu wewe.

Septemba aliandika kwamba atamngoja dada yake. Nilitaka kuandika, ni mimi, nakuja. Badala yake niliandika ulichokisoma. Nilitaka anikatalie. Nilitaka amwambie yule mwanamke, wewe humjui dada yangu. Basi ningepata nguvu za kukata tiketi. Akajibu sawa.

Barabara haikufungwa siku ya maziko. Theluji ilikuwa ya kifundo cha mguu. Basi lilipita, nililiona.

Na baada ya yote hayo uliniomba msamaha kwa kutonipigia, nami nikakuandikia nimekusamehe. Niliandika hivyo kwa mwandiko mzuri. Katika yote, hilo ndilo linaloniamsha. Ulikuwa umebeba mzigo usio wako, nikakuona, nikakusaidia kuukaza kamba.

Huna kosa lolote, Daria. Alikuambia najua kwa sababu nilikuwa najua. Sikuombi unijibu.

Nettie


Hamilton
2 Juni 2005

Shangazi Nettie,

Mtoto anatembea sasa, hatua sita kisha anakaa kwa kishindo na kutuangalia kama sisi ndio tuliomwangusha. Mlilaki nyuma ya nyumba ya Baba umechanua. Nyumba bado hatujaiuza, sijaweza.

Barua yako ilifika tarehe 6 Aprili. Niliisoma mara moja nikaifungia kabatini. Neil aliniuliza kila wiki kama nimejibu, nikamwambia, mwandikie wewe kama una haraka.

Nilikuwa najua. Nilijua tangu tarehe 23 Januari, kabla ya barua yangu ya pichi. Nami nilifanya kama ninyi wawili. Nilijua, nikanyamaza, nikasubiri uniambie mwenyewe. Nilijipa hadi Pasaka. Kumbe ni ugonjwa wa ukoo.

Baba hakukuandikia yote kwenye kamusi. Ile kaunta haihesabu tu. Mwenye blogu akiifungua kwa nenosiri lake inamwonyesha kila mgeni alikuja saa ngapi, alikaa muda gani, na mtandao wake ni wa wapi. Kila mwanablogu hutazama kaunta yake kabla ya kunywa kahawa, na hakuna msomaji anayefikiri ataonekana. Nilipoifungua nilikuta Hamilton, Toronto, mtu wa Ureno, na maktaba ya Stavok. Jumanne na Alhamisi, saa nane na dakika chache. Miaka miwili.

Aliiona kila siku, Shangazi. Ukurasa ule ulikuwa wa kwanza kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo tangu zile mbaazi alijua Bi Shayiri ni nani. Na Septemba alijua ni nani aliyemwambia asisubiri.

Nimekaa na jambo hilo majuma mengi na sitakudanganya kwamba limenipoza. Mara nyingine nakasirika hadi nashindwa kukunja nguo. Alikuwa anakwambia wewe, uso kwa uso kadiri mlivyoweza, kwamba anakungoja, nawe ukamjibu uso kwa uso kwamba huji. Kisha akakuomba usiache kupita.

Lakini lazima nikwambie na hili, kwa sababu ni la kwako, si langu kulizuia. Tangu mwanzo Baba aliandika Jumapili. Angalia tarehe. Kuanzia Septemba 2003 machapisho yote ni ya Jumanne, asubuhi. Mwishoni, alipokuwa hawezi kukaa, alinifanya nimshikilie kibodi kifuani. Jumatatu nilimsihi apumzike, aandike Ijumaa, nani anajali siku. Akaniambia, "Jumanne maktaba inafunguliwa." Nilidhani amechanganyikiwa. Hatujaingia maktaba tangu nikiwa na miaka tisa.

Ile mistari minne ya pichi ilimchukua saa nzima.

Siku tunamzika, kaunta inaonyesha mgeni mmoja kutoka Stavok. Uliingia saa saba kasoro, kabla ya muda wa kufungua, ukakaa hadi saa kumi na moja. Chapisho moja tu, la mwisho. Nilipoliona hilo ndipo nilipoacha kutaka kukupigia na kukutukana.

Sijui kusamehe ni kitu gani hasa. Sijafika. Ila sitaki kusubiri nifike ndipo nikuandikie.

Kitabu kiko tayari isipokuwa zile karatasi za Bi Shayiri. Ulisema niyaache maneno ya watu wa pembeni. Yakitoka, hakuna atakayejua, huko wala huku, na Olha Wasylyk atakosa cha kuzungumza. Ghala la ngano pia ninaweza kulitoa. Nimekuachia wewe. Niambie kabla ya mwisho wa mwezi, mchapaji anasubiri.

Daria


Stavok
19 Juni 2005

Daria mwanangu,

Nimefurahi kwamba mtoto anatembea. Usimshike mkono kila mara. Shayiri imeota vizuri, mvua ilikuja wiki yake. Metro amepona mkono na amerudi kukataa chai.

Jumanne baada ya barua yako nilifungua maktaba mapema nikaanza mwanzo wa blogu, nikitazama tarehe tu. Jumapili, Jumapili, Jumapili, kisha Jumanne. Sitaandika nilivyofanya. Mama mmoja aliingia kutafuta kitabu cha kufuma, akakitafuta mwenyewe, akaondoka bila kugongewa muhuri.

Kuhusu kitabu. Usitoe ghala la ngano. Chini yake, mahali pa maoni, palikuwa patupu muda wote huu. Nimeandika juzi, unaweza kuona. Ni mstari mmoja: "Komeo lilikuwa upande wangu. Nettie Hrycak, dada yake." Kile kisanduku kiliniuliza jina nami nikajaza.

Usitoe maneno ya Bi Shayiri. Yaache yote, mbaazi na mbwa, na ya tarehe 14 Septemba yaache kama yalivyo, usiyapunguze makali. Ila popote jina lile lilipo, lifute, uweke langu. Nakala ya maktaba hapa nitaipokea mwenyewe, nitaipiga muhuri na kuiweka rafu ya mbele, pale Olha anapoweka mkoba wake. Nimekwisha kumwambia kinakuja. Aliniuliza ni cha hadithi gani. Nikamwambia, "Ni cha Orest, na mimi nimo, na simo kwa uzuri." Akanitazama sana, halafu akaniuliza kama nataka alete kiti akae nami siku nitakayokisoma. Nilimwambia alete.

Basi la kwenda Regina hupita hapa Ijumaa. Nimekata tiketi ya tarehe 8 Julai, siku mbili na nusu njiani. Sikuombi unipokee. Kuna nyumba ya wageni karibu na kituo, nimewaandikia. Nataka kufika kaburini kwa miguu yangu, na kama siku hiyo utaweza kunionyesha ni njia ipi, nitashukuru, na kama hutaweza nitauliza watu.

Ukiwa na hasira endelea nayo, mwanangu, ni halali yako. Lakini ukimwombea baba yako Jumapili, na ukifika mahali pa kuwataja walio hai, nikumbuke.

Nettie